Stesheni ya Zamani ya Dodoma na Treni ya Mjini: Reli ya Kale, SGR au Barabara?

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mji wa Dodoma ulikua ukiizunguka stesheni. Hoteli ya Dodoma iko jirani nayo, na ukitoka mlangoni unafika soko la Majengo au eneo la Jamatini kwa miguu. Tangu Julai 2024, SGR, yaani reli mpya ya umeme, ilipoanza kufika Dodoma, msafiri wa Dar es Salaam anashukia stesheni mpya iliyo nje ya kitovu cha mji, kisha anatafuta bajaji au daladala ya kumwingiza mjini. Stesheni ya zamani imebaki katikati ya kila kitu, ila treni zake ni chache.

Wakati huohuo mji umefura. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimehamia Mtumba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wako vilimani upande wa mashariki, mabasi ya mikoani yako Nzuguni. Karibu kila asubuhi ya mji huu inaelekea mashariki, na reli inaelekea hukohuko.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na makosa mengi yanatokana na kuyajibu kila moja kivyake: jengo la kale likarabatiwe vipi, na treni ya abiria wa mjini, ikianzishwa, ipite reli ipi? Anayekarabati jengo bila kujua treni ipi italitumia atamwaga zege mahali ambapo baadaye patabomolewa. Anayepanga treni bila kulijali jengo atalizika hadi madirishani. Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo jiji linaweza kuchagua, kisha tunasema ipi tunaiona bora na kwa masharti gani.

Njia tatu kwa muhtasari

| | Reli ya zamani (MGR) | SGR | Barabara, jengo liwe makumbusho |
|---|---|---|---|
| Upana wa reli | milimita 1,000 | milimita 1,435 | hakuna |
| Nguvu | dizeli | umeme, kilovolti 25 | dizeli au gesi |
| Makutano na barabara | vivuko vya usawa mmoja | madaraja na uzio | taa na mizunguko |
| Kushukia katikati ya mji | ndiyo | hapana, bila usafiri wa pili | ndiyo |
| Kinachokwamisha kwanza | njia moja, jukwaa fupi na la chini | nafasi kati ya treni za mbali | foleni ya barabara ya Dar es Salaam |
| Jengo la kale | linabaki kazini | linatafutiwa kazi nyingine | linatafutiwa kazi nyingine |

Mstari wa mwisho wa jedwali, wa jengo la kale, ndio tunaoupa uzito kuliko watu wengi wanavyofanya. Jengo lenye abiria kila siku huzibwa bati siku linapovuja. Jengo lenye maonyesho ya picha na mlinzi mmoja husubiri bajeti ya mwaka ujao, na kwa mvua za Dodoma, zinazokuja kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, msimu mmoja wa kuvuja unatosha kuozesha kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Reli ya zamani: mambo matatu ya kurekebisha kabla ya kununua treni

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba reli ipo na inapita panapotakiwa. Kutoka stesheni ya mjini kwenda mashariki unakutana na Ihumwa na Kikombo. Magharibi kuna Kigwe na Bahi. Hifadhi ya reli, mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji, inatoa nafasi ya kuongeza vituo na njia za kupishana bila kulipa fidia kubwa, ili mradi waliovamia wasiongezeke.

Dar es Salaam ilishafanya jaribio kama hili. Oktoba 2012 ilianza treni ya mjini kwenye reli ya zamani kati ya Ubungo na Stesheni, ile ambayo watu waliibatiza jina la treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, pamoja na nyingine kwenye reli ya TAZARA. Ilitumia mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, yakivutwa na vichwa vya dizeli, na ilikimbia asubuhi na jioni. Iliwafaa watu wengi kwa gharama ndogo. Lakini mfumo wa kichwa na mabehewa una kero yake: treni ikifika mwisho, kichwa lazima kifunguliwe, kizunguke kwa njia ya pili, kifungwe upande wa pili, kisha breki zijaribiwe upya. Hapo zimekwenda dakika 10 hadi 15 kila mwisho wa safari, na kila mwisho lazima uwe na njia ya kuzungukia na mtu wa pointi, yaani vifaa vya kuhamishia treni kutoka njia moja kwenda nyingine. Treni ya dizeli yenye chumba cha dereva mbele na nyuma haihitaji lolote kati ya hayo. Dereva anabeba mkoba wake, anatembea hadi upande wa pili, na baada ya dakika tano anaondoka. Kwa safari fupi za mjini, chagua hiyo. Kenya ilichukua mkondo huo mwaka 2020, ikaleta treni 11 za aina hiyo zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa ajili ya reli yake ya upana wa mita moja jijini Nairobi.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni njia moja. Reli ya zamani ina njia moja, na treni hupishana stesheni tu. Chukua kipande cha kilomita 16 kati ya sehemu mbili za kupishania, na mwendo wa wastani wa kilomita 48 kwa saa, vituo vya katikati vikiwamo. Treni inatumia dakika 20. Ongeza dakika 5 za kupata kibali cha njia na kugeuza pointi, inakuwa 25. Ya kurudi nayo 25. Jozi moja imekula dakika 50, na hapo umebakiwa na treni moja kwa saa kila upande hata ukinunua treni kumi. Hizo nyingine tisa zitakaa zinasubiri.

Dawa yake ni njia ya kupishania katikati ya kipande hicho, kwa mfano upande wa Nzuguni. Nusu kipande ni kilomita 8, dakika 10 za mwendo na 5 za kibali, jumla 15 kila upande. Sasa treni inaondoka kila nusu saa pande zote mbili. Urefu wa njia hiyo utategemea nani ataitumia. Treni ya mjini ya mabehewa matatu ina urefu wa mita 70 hivi, kwa hiyo mita 150 zinaitosha. Ukitaka treni ya mizigo nayo isubiri hapo, jenga mita 450. Vifaa vya mita 450 si vya kutisha: mataruma (vile vinavyolazwa chini ya reli) kama 690 ukiyapanga kila sentimeta 65, mita 900 za reli (tani 36 kwa reli ya kilo 40 kwa mita), kokoto mita za ujazo 650 hadi 700, na seti mbili za pointi. Kati ya hivyo vyote, pointi na ishara ndivyo vinavyochelewa kufika, kwa hiyo viagizwe kwanza.

Mizigo nayo ina lake. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 28 kwa saa inakaa zaidi ya nusu saa ndani ya kipande cha kilomita 16, na ikiingia saa 12:30 asubuhi imeua ratiba yote ya watumishi wanaotakiwa ofisini saa 1:30. Lazima yawekwe madirisha mawili yasiyo na mizigo, saa 12:00 hadi 2:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri hadi 12:30 jioni, na yaandikwe kwenye kitabu cha ratiba. Maelewano ya mdomo kati ya mkuu wa stesheni na chumba cha udhibiti huvunjika siku ya kwanza mizigo inapochelewa.

La pili ni breki. Hili halina mjadala kwa mtu wa Dodoma. Juni 24, 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda ilirudi nyuma ikashuka mteremko na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mabehewa ya zamani ya breki za vakyumu, zinazofanya kazi kwa kunyonya hewa bombani, yana mipira mingi ya kuunganishia, na jua la huku huipasua mapema. Ufa mdogo hauonekani kwa macho ila sindano ya geji inashuka. Anayechagua mabehewa ya kukarabati kwa ajili ya mjini asiruhusu vakyumu: achukue breki za upepo, zile ambazo hewa ikipungua zinajifunga zenyewe, breki ya mkono kila behewa, na jaribio la breki kila treni inapofungwa au kufunguliwa. Asichanganye mabehewa ya mifumo miwili kwenye treni moja kwa matumaini kwamba bomba la kupitishia hewa tu, lisilo na breki, litatosha.

La tatu ni vivuko vya barabara. Treni mbili kwa saa kila upande ni kufunga kivuko mara nne kwa saa. Kila kufunga ni dakika tatu, basi barabara inasimama dakika 12 katika kila saa. Kwa kivuko cha mtaani inavumilika. Kwa barabara kubwa haivumiliki, na bodaboda watapenya chini ya kizuizi. Vivuko vyenye magari mengi vipewe vizuizi vinavyofunga upana wote wa barabara na njia ya miguu yenye kona mbili zinazomlazimisha mtu kutazama pande zote, na hesabu ya daraja ianze kufanywa mapema.

Upande wa magharibi ushughulikiwe baadaye. Bonde la Bahi hushika maji, ndiyo maana linalima mpunga, na tuta la reli hapo linataka makalvati ya kutosha kabla ya kuwaahidi watu treni ya kila siku. Afadhali kuanza na Ihumwa, halafu Kikombo. Uzuri mmoja ni kwamba kipande kibaya zaidi cha reli hii kwa mafuriko, kati ya Kilosa na Gulwe, kiko mbali mashariki. Maji yakikata reli huko, kama yalivyofanya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, treni ya mjini Dodoma inaendelea na kazi yake.

SGR: treni nzuri, mahali pagumu

Treni ya umeme, ile inayoitwa Mchongoko, inaondoka kituoni kwa kasi ambayo dizeli haiifikii, jukwaa lake liko usawa wa mlango, reli yake ina uzio na haikutani na barabara. Kwa kituo cha mbali, kama Bahi au Gulwe, SGR haina mshindani. Mtu anayeishi Bahi na kufanya kazi Dodoma anastahili treni ya asubuhi kwenye SGR, na hilo linawezekana kwa kuongeza treni fupi tu kwenye stesheni zilizopo.

Ugumu unaanza unapotaka vituo vya kila kilomita tatu au nne ndani ya mji. SGR nayo ina njia moja na sehemu za kupishania. Treni ya kilomita 160 kwa saa ikikuta mbele yake treni inayosimama kila dakika nne, moja lazima itoe njia, na kila mara itakayotoa ni ya mjini. Kituo kipya kinadai jukwaa la juu, njia ya pembeni ili treni za mbali zipite, kuhamisha nguzo za umeme, na daraja la miguu refu la kuvuka juu ya nyaya za kilovolti 25. Hakuna kati ya hivyo kinachojengwa kwa gharama ya mtaa.

Na baada ya yote hayo, abiria bado anashuka nje ya kitovu cha mji. Nairobi imeishi na tatizo hili tangu 2017. Stesheni ya SGR iko Syokimau, kwa hiyo treni ya reli ya zamani huwachukua abiria kutoka hapo hadi stesheni kuu ya katikati ya jiji. Huo ni ushahidi mzuri kwamba reli ya zamani huanza kuhitajika upya pale mpya inapofika. Addis Ababa nayo ilijenga stesheni yake mpya pembezoni, huku stesheni ya kale ikibaki katikati ya mji bila treni.

Kuna pendekezo linalorudi mara kwa mara: kuweka reli ya tatu ili SGR iingie hadi stesheni ya zamani. Kwa vipimo inawezekana, maana kati ya milimita 1,000 na 1,435 kuna tofauti ya 435, nafasi inayotosha reli mbili kukaa sambamba. Kinachoshinda ni mengine. Behewa la SGR ni pana, kwa hiyo ukingo wa jukwaa ukikaa vizuri kwa moja unaacha pengo kwa lingine. Nyaya za umeme zinadai nafasi ya wazi kwenda juu ambayo paa la jukwaa la kale halina. Pointi za reli tatu ni ghali na hushika takataka. Hatuishauri.

Jengo: palipo na kazi ya mikono

Kwanza sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Stesheni ya reli iliyofika 1910 haimo, mpaka Waziri aitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Anayetaka jengo lilindwe aombe tangazo hilo kabla ya zabuni, kwa sababu baada ya mkandarasi kuingia kila ukuta unaoondolewa umeondoka.

Halafu jukwaa, ambalo ndilo linalogombanisha wahandisi na wahifadhi. Sakafu ya behewa la reli ya zamani iko juu ya mita moja kutoka kwenye reli, na majukwaa ya kale ni ya chini. Abiria wanapanda ngazi za chuma, mmoja baada ya mwingine, kwa milango iliyo mwishoni mwa behewa. Treni ya masafa marefu inaweza kukaa robo saa. Ya mjini haiwezi. Kwa hiyo mhandisi anataka kuinua jukwaa. Akiliinua sentimeta 60 mbele ya jengo lote, vizingiti vya milango vinazama, madirisha ya tiketi yanakuwa usawa wa magoti, na maji ya mvua yaliyokuwa yakitelemka kuelekea reli yanarudi ukutani. Ndani ya misimu miwili lipu ya chini itakuwa imefura.

Ufumbuzi tunaoukubali ni kuinua sehemu ya jukwaa *kando* ya jengo. Treni ya mabehewa matatu inahitaji mita 75 tu. Kipande hicho kijengwe kuanzia mita 10 baada ya kona ya jengo, kiunganishwe na jukwaa la kale kwa mteremko wa 1 kwa 12, maana yake kwa kuinua sentimeta 60 unahitaji mteremko wa mita 7.2 wenye vishikio pande zote mbili. Mteremko wa maji uelekee mbali na jengo, sentimeta 2 kwa kila mita, na mfereji wa wazi unaofagilika. Mfereji wa kufunikwa huziba mchanga wa Dodoma bila mtu kujua. Jukwaa la kale mbele ya jengo libaki lilivyo kwa treni za mbali, na mabehewa ya mjini yaagizwe yenye milango katikati.

Kuta ndizo zinazoharibiwa kwa nia njema. Majengo ya enzi ya Mjerumani kwenye reli hii yana kuta nene za mawe yaliyofungwa kwa chokaa. Kuta za namna hiyo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa nje kupitia lipu. Fundi akija na saruji, anaziba pua ya ukuta. Unyevu unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya mvua ya pili unaona mstari wa unga mweupe kiunoni mwa ukuta na lipu ikilia kwa utupu ukiigonga kwa ngumi. Watu husema jengo limezeeka. Kumbe saruji imelifungia maji.

Kujua kilichopo, kwaruza kiungio kwa msumari: chokaa inatoka unga, saruji inaukataa msumari. Palipo na saruji iliyoshika mawe kwa nguvu, usiitoe kwa nyundo kubwa kwani jiwe litavunjika kwanza; tumia patasi nyembamba na uvumilivu, kiungio kwa kiungio, na palipo imara kabisa pakiachwa si dhambi. Mchanganyiko wa kurudishia ni chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka la milimita 10 hivi, na linalofuata lisipigwe kabla la kwanza halijashika. Chokaa izimwe kwa maji na ikae pipani imefunikwa maji kwa miezi mitatu au zaidi. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaijua kazi hii, na kuwaleta wawili wakafundishe ni nafuu kuliko kurudia kuta nzima.

Mambo manne huiharibu kazi hii Dodoma. Maji: visima vingi vina chumvi, kwa hiyo pima, na yakiwa ya chumvi leta ya bomba au vuna ya mvua, la sivyo unajenga unga mweupe ndani ya ukuta. Mchanga wa makorongo: jaza chupa nusu mchanga na nusu maji, tikisa, acha saa moja, tope la juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, uoshwe. Upepo na jua la Agosti: chokaa ikikauka kwa siku moja haishiki, inakuwa vumbi, kwa hiyo funika kwa magunia mabichi na umwagie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. La nne ni jasi. Inachimbwa Itigi, ni rahisi kupatikana, na fundi mwenye haraka huichanganya ili lipu igande upesi. Ndani, kwenye dari kavu, haina neno. Kwenye ukuta unaopokea unyevu inalainika na kubeba chumvi. Iandikwe wazi kwenye mkataba kuwa hairuhusiwi nje wala mita moja ya chini ya kuta za ndani.

Mbao ni vita na mchwa. Reli yenyewe ilitandikwa mataruma ya chuma miaka ile kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya kubadili kenchi, gonga kila boriti karibu na inapoingia ukutani, kwa maana mchwa hula kutoka hapo wakiacha ganda zuri kwa nje. Boriti iliyoliwa mwisho tu inaweza kukatwa na kuunganishwa kipande kipya kwa bolti; si lazima paa lote lishuke. Mlango wa kale ukarabatiwe na bawaba zake. Dirisha la alumini ni rahisi, lakini likishaingia, la mbao halirudi.

Ndani ya jengo, usipange kuuza tiketi za treni ya mjini dirishani. Abiria 700 wa asubuhi, kila mmoja sekunde 12, madirisha mawili: dakika 70. Foleni itafika hotelini. Tiketi ziuzwe kwa simu, kwa mawakala wa nje na kwa kadi, na ukaguzi ufanyike mlangoni mwa jukwaa. Ukumbi wa kale ubaki wa kusubiria, wa tiketi za safari ndefu, na chumba kimoja cha vitu vya reli: taa za ishara, mitambo ya kibali cha njia, saa ya ukutani. Makumbusho ya reli Nairobi yako tangu 1971 na bado yanatembelewa. Huku chumba kimoja kizuri ndani ya stesheni inayofanya kazi kinatosha kuanzia.

Barabara tu

Hii ndiyo rahisi kuianza: daladala kubwa, njia maalumu ya mabasi kuelekea Mtumba, jengo la kale ligeuzwe makumbusho au ofisi. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu itaondoa malori katikati ya mji na kuifanya njia hii ivutie zaidi. Hata hivyo anayetoka Majengo kwenda Mtumba haitumii barabara ya mzunguko. Atabaki kwenye barabara ya Dar es Salaam pamoja na kila gari la mtumishi mwingine. Kwa treni au bila treni, mabasi yanahitajika, kwa sababu Ihumwa hadi ofisi za Mtumba ni mwendo wa daladala, si wa miguu. Treni ikifika Ihumwa saa 12:45 na daladala za kuunganisha hazipo, abiria watajaribu mara mbili kisha warudi kwenye bajaji.

Tunachochagua

Reli ya zamani kwa mji, SGR kwa Bahi, Gulwe na mbali zaidi, mabasi ya kuunganisha Ihumwa na Mtumba pamoja na stesheni mbili za mjini, yaani ya zamani na ya SGR. Stesheni ya kale ibaki stesheni.

Tungebadili msimamo kwa mambo mawili. Moja, kama mizigo ya reli ya zamani itaongezeka kiasi kwamba madirisha ya asubuhi na jioni hayawezekani; hapo mji ungoje SGR ipate njia ya pili. Mbili, kama hifadhi ya mita 15 imeshavamiwa upande wa Nzuguni kiasi cha kukosa nafasi ya kupishania, kwa sababu bila hiyo tunarudi kwenye treni moja kwa saa, na treni moja kwa saa haimtoi mtu kwenye daladala.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Mwaka wa kwanza: tangazo la Gazeti la Serikali, vipimo vya kuta na kenchi, chokaa ianze kuzimwa, pointi ziagizwe. Paa na gata vimalizike kabla ya Novemba. Kiangazi kinachofuata ndicho cha lipu, jukwaa la pembeni na njia ya kupishania. Treni ziagizwe baada ya urefu na kimo cha jukwaa kuwa vimejengwa na kupimwa kwa futi kamba, na vipimo hivyo viambatishwe kwenye mkataba wa ununuzi pamoja na mahali milango itakapokaa.